Shajara ya mradi: mashine ilikuwa inatusoma sisi, si watoto

Wiki ya 1

Naanza kuandika humu ili kila tunachofanya kiwe na kumbukumbu, na mwenzetu wa kituo kingine akitaka kujaribu jambo kama hili asijikwae pale pale tulipojikwaa. Mimi ni tabibu katika kituo cha afya kilicho kando ya barabara ya Uyole kwenda Tukuyu, mkoani Mbeya, upande wa juu kwenye viazi na ukungu. Baridi ikianza kushika, benchi letu la asubuhi hujaa akina mama wenye watoto wanaokohoa. Wengi wa watoto hao wana mafua, watapona kwa maziwa ya mama, joto na muda. Wachache wana nimonia ya kuua. Kazi yetu ni kuwajua hao wachache kabla jua halijazama, maana kutoka hapa hadi kwenye oksijeni ya uhakika ni safari, na gari la wagonjwa ni moja.

Swali la mradi ni hili: je, programu ya akili mnemba kwenye kishikwambi inaweza kutusaidia kuamua ni mtoto yupi apewe rufaa leo na yupi arudi nyumbani na mama yake?

Tuko watatu. Mimi, Sista wetu mkubwa wa kliniki ya watoto, ambaye alikuwa anachoma chanjo kabla mimi sijaanza darasa la kwanza, na kijana wa programu anayekaa Mwanjelwa, anayepanda Costa kila Ijumaa kuja kwetu. Vibali vya maadili tulivimaliza kabla ya kugusa kadi hata moja. Majina, namba za simu na vitongoji havitoki kituoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Na hata isingesema hivyo, mama aliyeniletea mwanawe hakumleta ili habari zake zizunguke mjini.

Wiki ya 2

Tunaingiza rejesta za miaka miwili kwenye jedwali. Miandiko ni ya watu wengi, mingine ya kwangu. Jioni ya Jumanne nilikuwa nateremka kwenye safu ya upumuaji: 48, 40, 36, 52, 44, 40, 48, 60. Nikasimama. Nikaipanga safu nzima kuanzia ndogo hadi kubwa, na karibu namba zote zinagawanyika kwa nne.

Mtoto hapumui kwa mafungu ya nne. Ni sisi. Tunahesabu sekunde 15 halafu tunazidisha mara nne, kwa sababu benchi limejaa. Mwongozo wa kuhudumia watoto wagonjwa unataka dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50 kwa dakika anahesabiwa kuwa anapumua haraka; kuanzia miezi 12 hadi kabla ya kutimiza miaka 5, mpaka ni 40. Sasa hesabu robo dakika: pumzi 12 zinakuwa 48, mtoto ana kikohozi tu. Pumzi 13 zinakuwa 52, mtoto ana nimonia. Kati ya hapo hakuna kitu. Pumzi moja iliyoangukia upande huu au ule wa sekunde ya kumi na tano ndiyo iliyoamua nani alipewa amoksilini, antibayotiki ya nimonia.

Nilimwonyesha Sista. Hakujitetea wala hakunilaumu. Alisema tu, "Dokta, kesho njoo ukae na mimi."

Kesho yake nilikaa. Mama mmoja alimleta mtoto wa miezi minane, amefungwa kitenge juu ya blanketi juu ya sweta mbili. Sista hakumgusa mtoto. Alimwomba mama aketi, amwache alale vile vile mapajani, kisha apandishe sweta polepole mpaka ionekane pale tumbo linapokutana na mbavu. Akaweka saa yake ya mkononi karibu na goti la mama ili macho yaone vyote viwili pamoja. Sekunde ya arobaini hivi mtoto akakohoa na kujinyonganyonga. Sista akaacha, akasubiri, akaanza moja upya. Mara ya pili akafika mwisho. "Hamsini na tatu. Andika." Ilikuwa namba ya kwanza siku ile isiyogawanyika kwa nne.

Uamuzi: kishikwambi hakitapokea tena upumuaji ulioandikwa kwa kidole. Anayehesabu atagusa skrini kila tumbo linapopanda, na saa ya programu itahesabu sekunde 60. Hakuna akili mnemba yoyote hapo, na naona ndiyo kazi yenye faida kubwa tuliyofanya hadi leo.

Wiki ya 3

Oksijeni. Kipima oksijeni kinapitisha mwanga mwekundu na wa infraredi kwenye kidole au unyayo na kusoma jinsi damu inavyoufyonza. Njia hiyo aliibuni Takuo Aoyagi, mhandisi wa Japani, miaka ya 1970. Ili kisome, lazima damu iwe inafika pale kilipobanwa. Na asubuhi ya mwezi wa saba huku kwetu unyayo wa mtoto ni kama jiwe la mtoni.

Alhamisi kifaa kilisoma asilimia 81, kisha 87, kisha vistari. Mimi tayari nilikuwa natafuta fomu ya rufaa. Sista akauchukua mguu wa mtoto, akaufumbata kwa viganja viwili, akaanza kumwuliza mama habari za shamba, za mvua, za mkwe aliyekuwa anaumwa. Walisalimiana Kinyakyusa upya kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana. Baada ya dakika kama tano akabana kifaa tena. 95, na mapigo kwenye skrini yanalingana na yale niliyoyasikia kwa stethoskopu.

Kwa hiyo 81 ile ilikuwa ya baridi. Kama ingeingia kwenye jedwali, programu ingejifunza kwamba mtoto mwenye 81 hucheza vizuri siku inayofuata. Na kinyume chake kipo pia, kinanitisha zaidi: utafiti uliotoka Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi, upungufu mkubwa wa oksijeni ambao kifaa hakikuuona ulitokea karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Hapa wagonjwa wetu wote ni weusi. Ongeza na mwinuko: Mbeya mjini penyewe ni zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, nasi tuko juu zaidi, ambako hata mtu mzima mwenye afya husoma chini kidogo kuliko mtu wa Kyela, kule bondeni ziwani. Kikomo cha rufaa tunakiacha palepale, chini ya 90. Lakini mtoto mwenye 91 au 92 hatutamwita salama kwa sababu ya namba hiyo pekee.

Tumeongeza kisanduku: unyayo ni wa moto au wa baridi? Ukijibu baridi, nafasi ya kuandika oksijeni haifunguki.

Wiki ya 4

Fupi. Umeme ulikatika siku tatu. Kijana wa programu amekubali kwamba chochote tutakachotumia kitafanya kazi bila intaneti na bila seva ya mbali.

Tumesoma pia kuhusu ePOCT+, mfumo wa maamuzi wa kwenye kishikwambi uliojaribiwa katika vituo 40 vya mikoa ya Mbeya na Morogoro kati ya Desemba 2021 na Oktoba 2022, ambapo NIMR Mbeya (tawi la taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) na Taasisi ya Afya Ifakara walishiriki. Antibayotiki zilitolewa kwa asilimia 23.2 ya mahudhurio ya watoto kwenye vituo vilivyoutumia, na 70.1 kwenye vituo vya kawaida, wala watoto hawakupona vibaya zaidi. Sikujua kwamba jambo kubwa namna hiyo limefanyika mlangoni kwetu. Ule ni mfumo wa kanuni zilizoandikwa na wataalamu hatua kwa hatua: uliza hili, pima lile, ukiona hivi fanya vile. Haujifunzi wenyewe kutoka kwenye rejesta. Wetu unataka kujifunza. Nimeanza kujiuliza kama tunahitaji hicho cha pili, lakini nimeona tuendelee tuone.

Wiki ya 5

Modeli ya kwanza! Ni mti wa maamuzi mdogo, yaani maswali yanayofuatana ambayo programu imejifunza yenyewe kutoka kwenye rekodi, unaotoshea kwenye ukurasa mmoja. Kijana aliupa theluthi mbili ya rekodi ujifunze, akaficha theluthi iliyobaki. Kwenye ile iliyofichwa ulipatia karibu kila mtoto aliyepewa rufaa. Tulipeana mikono. Mganga mfawidhi alituletea chai na mihogo. Nililala usingizi mzuri sana usiku ule.

Wiki ya 6

Nataka kuandika wiki hii taratibu, kwa sababu ndiyo iliyogeuza mradi.

Sista aliomba mti ule uchapishwe kwenye karatasi, kwa maneno ya kawaida. Kijana akachapisha. Swali la kwanza kabisa la mti, lile linalogawa watoto wote kuwa mafungu mawili, lilikuwa la oksijeni. Hilo tulilitegemea. Lakini Sista alisoma na kidole, neno kwa neno, akauliza: "Hapa imeandikwa oksijeni zaidi ya sifuri. Kuna mtoto mwenye oksijeni chini ya sifuri?"

Kijana alinyamaza. Kisha akaeleza. Kwenye rejesta za zamani watoto wengi hawakupimwa oksijeni kabisa, nafasi zao zilikuwa tupu. Ili programu isikwame, yeye alijaza −1 kila penye tupu. Kwa hiyo mti haukuwa unauliza oksijeni ya mtoto ni ngapi. Ulikuwa unauliza: je, mtoto huyu alipimwa?

Na nani alikuwa anapimwa? Kifaa kilikuwa kimoja, kimefungiwa kwenye droo ya wodi ya wazazi. Sista alikuwa haendi kukichukua mpaka amwone mtoto akamtia wasiwasi. Akimwona mtoto ananyonya vizuri na kushika kitenge cha mama yake, alikuwa anaandika joto, upumuaji, basi. Akimwona anaangalia bila kuangalia, pua zinapanuka, mama amenyamaza kupita kawaida, ndipo anainuka kwenda kwenye droo.

Modeli yetu ilikuwa imegundua hilo. Haikujifunza mapafu ya watoto. Ilijifunza wasiwasi wa Sista, ikausoma kwenye nyayo zake kati ya benchi na droo, halafu ikaturudishia kama ubashiri wake.

Nilitafuta kama wengine yamewapata. Yamewapata. Mwaka 2018 watafiti waliochambua kumbukumbu za hospitali mbili za Boston waliangalia aina 272 za vipimo vya maabara. Kwa 233 kati ya hizo, kule kuagizwa tu kwa kipimo, bila kutazama majibu yake, kulihusiana na kama mgonjwa ataishi. Mgonjwa anayeagiziwa kipimo saa tisa usiku tayari kuna mtu kamhofia. Kumbukumbu za hospitali zimebeba miili ya wagonjwa pamoja na macho ya waliowahudumia, na kompyuta haina njia ya kuvitenganisha isipoambiwa.

Hatari yake kwetu ni ya moja kwa moja. Tangu wiki ya tatu kila mtoto anapimwa oksijeni. Kama tungeuwasha mti ule leo, kila mtoto angeonekana ni wa kutiliwa mashaka, kwa kuwa kila mtoto amepimwa. Au kijana angeusahihisha kwa kulitoa swali lile, na kwa kulitoa tungekuwa tumelitupa jicho la Sista, ambalo ndilo lililokuwa linabeba ubashiri wote.

Sista alikuwa amekaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa hiyo mngeniuliza tu."

Wiki ya 7

Tumemuuliza. Fomu mpya ina swali kabla ya vipimo vyote: "Ukimtazama mtoto huyu, una wasiwasi?" Majibu ni mawili, ndiyo au hapana, na likishajibiwa haliwezi kubadilishwa baada ya namba kuingia. Hilo la kutobadilishwa ndilo tulilobishania zaidi. Mimi nilitaka aruhusiwe kusahihisha. Sista mwenyewe alikataa. Alisema akishaona 97 kwenye skrini atajiona mjinga na kufuta wasiwasi wake, na kesho yake mtoto atarudi hoi.

Kuna msingi wa kisayansi kwa hili. Ubelgiji waliwahi kufuatilia watoto na vijana 3,890 kwenye huduma za msingi, wakaona kwamba hisia ya daktari kuwa kuna kitu hakiko sawa, hata pale uchunguzi wake mwenyewe unapoonyesha ugonjwa mwepesi, iliongeza sana uwezekano wa kukuta maambukizi makali. Wengi wa watoto waliowapa madaktari hisia hiyo hawakuwa na ugonjwa mkali. Ila kuipuuza kuligharimu.

Wiki ya 8

Kosa la pili, na hili ni langu. Nilipokuwa nazipa rekodi majibu sahihi ili modeli ijifunze, jibu nililotumia ni "alipewa rufaa". Lakini rufaa tunatoa sisi. Modeli inayofundishwa kubashiri rufaa zetu inafundishwa kutuiga, pamoja na makosa yetu. Mtoto tuliyemrudisha nyumbani akazidiwa usiku, kwenye jedwali langu ameandikwa mzima. Nimekaa na sentensi hiyo siku mbili.

Jibu linalofaa ni lile la mwili wa mtoto mwenyewe. Ndani ya siku saba, je, alihitaji oksijeni, alizidiwa akarudishwa, alifariki, au anacheza? Hilo halimo kwenye rejesta yoyote. Inabidi kupiga simu.

Kwa hiyo tunapiga. Kila mama anayekubali anaacha namba kwenye daftari linalofungiwa kabatini, na siku ya saba mimi au Sista tunapiga kuanzia saa kumi na mbili jioni, watu wakiwa wametoka shambani. Namba nyingi si za mama. Ni za baba aliyeko Chunya machimboni, za jirani, za mwenye duka. Mwenye duka mmoja aliniambia nisubiri, nikasikia akitembea, mbwa, mlango, kisha sauti ya mama: "Hajambo, dokta. Huyu hapa anapiga sufuria." Nilizisikia sufuria. Nikaandika: anacheza.

Wiki ya 9

Mtu wa halmashauri alitutembelea, akauliza swali ambalo kila mtu huuliza: programu yenu iko sahihi kwa asilimia ngapi? Nilimjibu kwa mfano, na nauweka hapa maana nitauhitaji tena.

Tuseme watoto 1,000 wanakohoa, na 20 kati yao wana ugonjwa mkali. Programu inayosema "mzima" kwa kila mtoto iko sahihi kwa asilimia 98, na imewakosa wote 20. Sasa chukua programu nzuri kweli, inayowanasa 18 kati ya 20, na kuwashtukia bure asilimia 10 ya wazima. Wazima ni 980, kwa hiyo itashtukia bure 98. Jumla inasema "rufaa" kwa watoto 116, na 18 tu ndio wagonjwa kweli. Kila mmoja wa wale 98 ni mama anayetafuta nauli ya kwenda mjini na kurudi, siku mbili viazi haviko kwenye gunia, na watoto wengine nyumbani na bibi. Akienda akaambiwa mtoto mzima, safari ijayo nikimwambia nenda, hataenda.

Mgeni alifikiri kidogo akauliza, je, wale wawili waliokosekana? Niliheshimu sana swali hilo. Nikamwambia hao ndio sababu mama haondoki hapa bila kuonyeshwa dalili za hatari: akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au asipoamka, rudi usiku huo huo, usingoje asubuhi. Mama analirudia kwa mdomo wake mbele ya Sista kabla hajamfunga mtoto mgongoni.

Wiki ya 11

Modeli mpya inafanya kazi kimyakimya. Inapokea vipimo, inatoa jibu, jibu linafungiwa ndani ya kishikwambi na hakuna anayeliona mpaka simu ya siku ya saba ipigwe. Mtoto anahudumiwa kwa mwongozo na kwa macho yetu kama kawaida. Itabaki hivyo msimu mzima wa baridi, hata tukiona inapatia. Kijana amekuwa mvumilivu kuliko nilivyotarajia kwa umri wake.

Jumatatu alikuja mtoto wa mwaka mmoja na miezi mitatu. Sista alijibu "ndiyo" kwenye wasiwasi. Kisha vipimo: pumzi 38, chini ya kikomo, kifua hakibonyei, oksijeni 94, unyayo wa moto, joto 38.1. Kwa namba zote, nyumbani. Nilimuuliza ameona nini. Alisema mtoto amemwachia mtu asiyemjua amshike bila kulia, na mtoto wa umri ule asipolia mikononi mwa mgeni, hana nguvu ya kulia. Tulimpa mama rufaa. Alikwenda.

Siku ya saba inaangukia kesho. Bado sijui mtoto anaendeleaje, wala modeli ilisema nini juu yake. Kwenye daftari kuna namba saba za kupiga kesho jioni, tatu za majirani, moja ya baba aliye Chunya ambako mtandao hushika baada ya saa mbili usiku. Namba ya mama huyu nimeiweka ya kwanza.